Papa Tiret na Barua za Jioni

Nilimchukia Byamungu kwa mwaka mzima na nusu. Naliweka hili mbele kabisa, kusudi mtu asije akadhani ninamsifu kwa sababu ya ujirani. Meza yake na yangu ziligusana pale sokoni Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mimi, Pascaline, niliuza dagaa na unga wa muhogo. Yeye aliandika barua za watu. Harufu ya dagaa wangu iliingia kwenye karatasi zake, na maneno yake yaliingia masikioni mwangu tangu asubuhi mpaka tunafunga, nitake nisitake.

Kazi aliijua, hilo simnyimi. Kabla ya vita vya mwaka 1996 alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha wamisionari kule Uvira, nyumbani kwetu Kivu ya Kusini, Congo. Kitabu cha nyimbo hakikutoka kiwandani mpaka Byamungu akipitie neno kwa neno na kalamu nyekundu. Na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kistari, kale kamstari kafupi kanakoshikanisha maneno mawili. Kwa Kifaransa tulikaita tiret, basi watoto wa kambini wakampa jina la Papa Tiret. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alinyoosha tai yake, maana tai alivaa hata siku ya kupanga foleni ya mahindi, akawaita watoto waje awafundishe.

"Mutazame," aliwaambia, akiandika kwa chaki juu ya ubao wa meza. "Mwanafunzi, neno moja. Hao bawili balishaoana zamani, hakuna mutu anaweza kubaachanisha. Mpiga kura, maneno mawili. Muyaache mbali, yanakutana siku ya uchaguzi tu. Lakini baba-mkwe, pale muweke tiret. Muko jamaa, lakini hauwezi kumukaribia sana."

Hata wazee walicheka, maana kwetu mkwe hakaribiwi, hata kivuli chake unakizunguka. Mtoto mmoja akamuuliza kuhusu mama mdogo, Byamungu akafikiri kwa siku mbili nzima kabla ya kujibu. Ndivyo alivyokuwa. Dunia imekuteka, umekimbia nchi, unakula mahindi ya kugawiwa, na wewe bado unahangaika kama mama mdogo apewe kistari!

Siku za Jumatano alikwenda Mbarara na barua za wateja zipigwe mashine dukani kwa Sowedi, Mganda mmoja Mwislamu aliyeuza karatasi na kalamu. Nilimsindikiza mara mbili tatu nikienda kununua mifuko. Sowedi alikuwa mpole, lakini Byamungu alimshinda. "Mzee, hii kalaini kako inasumbua mimi," alisema akikodolea macho kioo cha kompyuta. "Mimi naandika Jean Bosco, wewe nataka Jean na Bosco ishikane mukono. Ofisi inajua ni mutu moja, ssebo!" Ssebo kwao ni bwana. Byamungu hakubanduka. Alisimama nyuma ya kiti mpaka kila kistari kikae mahali pake, ndipo akakunja barua.

Sasa nieleze alivyofanya kazi, maana humo ndimo balaa lilimokaa. Watu walimjia na habari zao zikiwa vipandevipande. Huyu anaanza na mume aliyeuawa, anarukia mbuzi, anarudi kwenye mto, analia, ananyamaza. Byamungu alisikiliza bila haraka hata kama ni nusu siku. Halafu alisema, "Sasa tuyanyooshe." Aliamini kwamba mateso yanayokwenda ofisini ni lazima yaoge kwanza na yavae nguo safi, la sivyo wakubwa hawatayakaribisha. Barua aliyokusomea mwishoni ilikuwa nzuri mno, mpaka ulijililia mwenyewe kana kwamba ni habari ya mtu mwingine.

Yangu ilianza hivi: "Jioni moja ya huzuni, watu wenye silaha walikivamia kijiji chetu kilichokuwa kimetulia." Nikamwambia, "Lakini Papa Joël, miye balinikuta asubuhi. Nilikuwa naanika mihogo."

"Mama Pascaline," akaniambia, "asubuhi haina uzito. Mutu anasoma, anaona ni siku ya kawaida tu. Jioni inaingia mu roho."

Nani mimi nibishane na mtu aliyesahihisha nyimbo za kanisa?

Nimemwita Papa Joël, kwa sababu kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mke wake, Perpétue, alikuwa Mama Joël kwa kambi nzima. Joël mwenyewe hakuna aliyemjua. Tulichojua ni kwamba alifariki kwa homa njiani, mwaka ule wa 1996, akiwa na miaka minne, wakati wanakimbia kutoka Uvira. Mtoto wao wa pili, Orpa, aliyebebwa mgongoni safari ile, alikulia kambini, kisha akaolewa Kigoma, akabaki huko. Nakivale walikuja mwaka 2003, wakitokea huko Kigoma. Perpétue alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimwita "Mama Joël" alichelewa kidogo kuitika, na mimi nilidhani ni masikio.

Moyo wake ulikuwa mbovu. Daktari wa Mbarara aliwaeleza wazi kwamba kuna mlango mmoja ndani ya moyo usiofunga vizuri, na kwamba unatakiwa upasuaji wa nchi za mbali. Njia ilikuwa moja, kupitia ofisi ya maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, iliyokuwa katika nyumba ya kupanga pale Kamukuzi, mjini Mbarara. Sisi tuliiita ofisi ya safari. Byamungu akaandika barua ya mke wake kwa muda wa mwezi mzima. Sijawahi kuona mtu akiandika barua namna ile, neno moja leo, neno moja kesho.

Mwaka 2011, mwezi wa kumi na moja, tuliitwa watu kumi na tisa. Tulivaa vizuri, tukijua safari imefika. Afisa alikuwa dada Mganda, mgeni kazini, mwenye miwani. Alipanga barua zetu juu ya meza moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika samaki.

"Hizi barua zenu nasimamisha," alisema. "Watu kumi na tisa, vijiji kumi na tisa, na wote walishambulia nyinyi jioni moja ya huzuni. Hata vistari vinakaa pahali moja. Hiyo Congo yenu haina asubuhi?"

Hakuna aliyecheka. Alituambia kwamba barua zinazofanana hivi ofisi inazihesabu kuwa za kutungwa, kwa hiyo kila faili itaanza upya, na kila mtu ataitwa aseme kwa mdomo wake. Lini? Hakujua. Barua ya kumi na tisa ilikuwa ya Perpétue.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilirudi sokoni nikachukua karatasi za Byamungu, zile nzuri zenye mistari, nikaanza kuwafungia wateja dagaa. Alikaa akiniangalia. Hakunizuia hata kwa neno moja, na hilo likaniudhi zaidi, maana nilitaka tugombane. Wengine walimtemea mate. Mmoja alivunja mguu wa meza yake. Aliufunga kwa kamba akaendelea kukaa pale, bila mteja hata mmoja, na tai shingoni.

Lakini Perpétue hakuwa na kosa. Nilikwenda kwake kila siku kumchotea maji, nikipita mbele ya mume wake bila salamu. Mwaka 2012 miguu yake ilivimba. Akawa analala amekaa, ameegemea gunia, kwa kuwa akilala chali pumzi inakatika. Daktari alisema misimu miwili ya mvua, akivuka hiyo ni bahati. Nilikuwa nikimkanda miguu, kidole changu kinaacha shimo, na shimo halirudi. Nikirudi kwangu nililia kwa hasira na kwa woga.

Byamungu yeye alikuwa akienda Kamukuzi kila wiki. Akikosa nauli alitembea hadi Masha, kwenye barabara ya Mbarara, akipita kando ya ng'ombe wa watu, na huko akaomba lifti ya lori la ndizi. Na unajua alipeleka nini? Barua! Barua ya kueleza habari za barua. Halafu nyingine ya kuomba radhi kwa ile ya kwanza. Zote zimenyooka, vistari vyote mahali pake. Kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kufanana na yule waliyemshuku. Siku moja mlinzi wa geti alimwonea huruma. "Mzee, usilete tena karatasi," alimwambia. "Leta mama na mudomo yake."

Wito ulifika Mei 2013. Mimi zamu yangu ilikuwa imekwisha wiki moja kabla: nilieleza asubuhi yangu na mihogo yangu, dada wa miwani akaandika, akaniambia ningoje, tukamaliza. Siku ya Perpétue nilikwenda kumshika, maana hatua kumi zilimshinda. Byamungu aliitwa kwanza, peke yake. Alitoka haraka mno.

"Amekuuliza nini?" nilimuuliza. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu siku ya zile karatasi.

"Aliniambia niseme habari ya njia. Nikasema." Alipangusa uso. "Nilisema kama vile iliandikwa, Mama Pascaline. Maneno ileile. Nilitafuta ingine ndani, haikuwa. Akafunga faili."

Basi ndipo tukaingia sisi, mimi nikimshika Perpétue kiunoni. Afisa aliniruhusu nikae nimwegemeze, ila nisiseme. Alimuuliza jina, mwaka, kijiji. Kisha akasoma barua: mtoto Joël alifariki kwa homa njiani.

"Ni kweli, mama?"

"Hapana," alisema Perpétue.

Nilidhani hajasikia swali.

"Hakukufa," alisema. Alikuwa akivuta pumzi kati ya maneno. "Pengine alikufa kisha. Sijue. Miye nilimuacha. Papa yake alikimbilia njia ingine, nilikuwa peke yangu. Orpa alikuwa mu mugongo. Joël miguu ilivimba, haikuweza kutembea. Nilimubeba siku mbili. Siku ya tatu risasi ilikuwa karibu. Nilimukalisha pembeni ya njia. Nikamupa kipande ya muhogo, nikamwambia, ungoje, minarudia." Alishika ukingo wa meza. "Aliniita. Aliniita mara mingi. Sikugeuka."

Dada wa miwani aliweka kalamu chini. Mimi niliangalia sakafu, na katika maisha yangu sijaona sakafu mbaya kama ile. Nilikumbuka mara zote nilizomwita Mama Joël, akachelewa kuitika.

Byamungu akaitwa ndani.

"Mzee," alisema afisa, na sauti yake haikuwa kali, "hapa wewe umeandika mtoto alifariki. Mama anasema aliacha yeye. Nani kati yenu nadanganya?"

Angeweza kusema mke wake ni mgonjwa na akili zinamruka. Nilimwona akilifikiria. Kisha akasema, "Ni miye."

"Kwa nini?"

"Aliniambia mambo yote Kigoma, siku tulionana. Nikamukataza kuisema tena. Pa barua pia sikutaka batu bamusome namna ile. Nilitaka bamuhurumie."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alificha ya mwenzake. Perpétue alimgeukia polepole. "Miaka kumi na saba," alisema, "kila siku unaniita Mama Joël. Kila siku. Na ukanikataza kusema nilimufanya nini."

Byamungu alinyoosha tai yake. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu yule akikosa sentensi.

Hasira yangu iliishia pale, sitaki kudanganya. Haikugeuka upendo, ila iliisha, kama sabuni inavyoisha.

Uamuzi ulikuja Novemba. Faili ya Perpétue imepita kwa sababu ya ugonjwa. Byamungu ameondolewa, kwa kuwa amekiri kuandika maelezo ya uongo. Atie saini kwamba ameelewa kuwa mke anakwenda peke yake. Alitia saini papo hapo, akakimbia nyumbani akiwa amefurahi, akamkuta Perpétue amekaa juu ya gunia lake, akampa habari. Mimi nilikuwepo, nikipembua maharage.

"Siendi," alisema Perpétue.

"Mama Joël, balikubali! Batakupasua, utapona!"

"Nilishaacha mumoja pembeni ya njia. Wa pili sitamuacha. Kama ni kufa, nitakufia hapa."

Alimsihi wiki baada ya wiki. Alipiga magoti. Alimleta mchungaji, akaniomba mimi, akampigia Orpa simu hadi Kigoma. Tulisema sote. Perpétue alisikiliza, kisha aliangalia ukuta wa turubai. Tarehe ya safari ikapangwa, Februari 2014, na yeye alikuwa amevimba hadi tumboni. Nyumba zetu zilitengwa na turubai tu. Nilimsikia Byamungu akisema, "Usiniue kwa kubakia," naye mke wake akijibu, "Na weye usiniue kwa kunituma."

Zikabaki siku sita. Asubuhi hiyo soko limejaa, Byamungu alikuja na mfuko wake begani, akasimama katikati, akasema kwa sauti kubwa ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: amechoka kulea mwanamke mgonjwa. Anapita mpakani Kikagate, anaingia Tanzania, anakwenda kukaa na binti yake. Anayetaka kumchukua Perpétue amchukue. Wanawake walimzomea. Mmoja alimrushia nyanya, ikampata kwenye tai.

Alipopita kwenye meza yangu aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. "Asikuwe yeye anaacha," aliniambia chinichini. "Safari hii nitaacha miye. Usimwambie, Mama Pascaline. Nakuapisha na Mungu." Akaenda zake. Nilibaki na kikombe cha dagaa mkononi.

Habari ilimfikia Perpétue kabla yangu. Nilimkuta amesimama, yeye ambaye hakuwa amesimama peke yake kwa miezi, akitupa nguo ndani ya sanduku. Alitukana matusi niliyoyasikia mara ya mwisho Fizi, kule kwetu Kivu. Kinywa changu kilijaa ukweli, nikaumeza. Siku ya basi nilimpandisha mimi. "Mwambie ule mwanaume," alisema akiwa juu ya ngazi, pumzi ikimpiga, "kaburi yangu asiikanyage." Akaingia, akakaa upande wa pili, nisimwone uso.

Byamungu alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, viatu vimekwisha.

"Alikwenda?"

"Alikwenda."

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa na hasira."

"Aksanti, Mungu wangu," alisema, akakaa juu ya gunia langu la unga, akalia mbele ya wateja. Sikumfukuza.

Perpétue walimpasua huko ugenini, kwenye baridi, akapona. Alianza kunipigia simu mara moja kwa mwezi. Anaeleza theluji, anaeleza kovu la kifuani, anaeleza Mkongo mmoja anayemfundisha kupanda treni. Na kila mara, kabla ya kukata, anauliza kijuujuu kama mwanaume yule ameonekana. Byamungu huwa amesimama hapo hapo, sikio karibu na simu yangu ya Kichina inayopiga kelele kama redio, ananipungia mkono: sema hapana. Aliogopa kwamba Perpétue akijua ulikuwa ujanja, ataacha dawa na kurudi. Nikasema hapana. Nikasema hapana kwa zaidi ya mwaka, na kila hapana iliniuma, maana nilimsikia anavyonyamaza upande wa pili. Alidhani kweli ametupwa. Na huyu wangu wa hapa, Byamungu, alikuwa haandiki tena, hafundishi watoto, anakula akikumbushwa.

Julai 2015 simu ilipigwa tena. "Pascaline," alisema, "ule mwanaume. Iko muzima ao alishakufa? Uniambie tu."

Mkono ukapunga. Nikautazama ule mkono. Alikuwa anamsahihisha mwanamke yule bado, na kalamu ilikuwa mimi.

"Mimi si kalamu yako," nilimwambia, nikambandika simu sikioni.

Alishtuka kama ameguswa na moto, lakini hakuitupa. Midomo ilicheza. Mtu aliyewaandikia watu kumi na tisa misiba yao hakupata pa kuanzia.

"Haloo?" alisema Perpétue. "Nani?"

Byamungu aliishika simu kwa mikono miwili.

"Haloo! Nani anapumua pale?"

"Nilikuacha," alisema Byamungu. Sauti ilikuwa mbovu, imekatikakatika. "Nilikuacha, Perpétue. Nilikuacha."

Hakueleza sababu. Mimi nilikuwa nataka aeleze, nilimfinya mkono aeleze, hakueleza. Upande wa pili nilisikia kiti kikivutwa.

"Sasa umejua namna inasemwa," alisema Perpétue.

Kisha akamuuliza kama anakula.